Halloween Mombasa? Tengeneza Macho ya Jini Bila Oveni

Party ni Oktoba 31 na keja haina oveni? Usijali, msee. Achana na jelatini, joto la Mombasa litailegeza mezani. Chukua china grass, ile ya faluda. Hutoka kwa mwani, si mnyama, so mabeshte wote watakula bila kuuliza maswali.

Loweka gramu 10, chemsha kwa kikombe cha maji hadi ziyeyuke. Ongeza lita 1 ya maziwa moto (yakiwa baridi, mabonge!), sukari na iliki. Mimina kwa vile vikombe vidogo vya kahawa chungu vya Old Town. Zikiganda, pindua kwa sahani: macho meupe pe!

Katikati bandika buyu jekundu lililoloweshwa kidogo, rangi ichuruzike kama damu. Onya wageni: mbegu haitafunwi, inafyonzwa.