Mistari Ndani ya Jiwe la Kanda ya Ziwa

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaookota mawe hapa Mwanza ni moja: "Hii si akiki?" Mkononi mwa muulizaji huwa kuna jiwe lenye mistari, mara nyingi nyekundu na nyeusi, limetoka Geita au limeokotwa ufukweni baada ya mvua. Aliwahi kuona pete ya akiki kidoleni mwa mzee mmoja, akavutiwa, na sasa anaamini amepata yake bila kulipa senti. Jibu karibu kila mara ni hapana. Lakini sababu ya hapana hiyo inaeleza ardhi nzima tunayoikanyaga, ndiyo maana sichoki kuulizwa.

Akiki huzaliwa ndani ya tundu. Volkano inapomwaga lava, gesi iliyomo hutafuta njia ya kutoka, na lava ikiganda kabla gesi haijaisha, viputo hubaki humo humo kama vyumba vitupu. Baadaye, pengine baada ya miaka mingi sana, maji yaliyobeba silika hupenya kwenye vyumba hivyo na kuacha utando mwembamba ukutani. Huja utando mwingine, na mwingine. Kwa hiyo mistari ya akiki hufuata umbo la tundu: inapinda pale ukuta unapopinda na mara nyingi hufunga duara. Chuma kidogo kikiingia, utando unakuwa mwekundu au wa kahawia. Nafasi ikibaki katikati, fuwele za kwazi huota zikielekeana. Lava ya nje huoza ikawa udongo, akiki yenyewe haiozi, ikabaki imelala juu ya ardhi. Wakusanyaji wa Botswana na wa majangwa ya Marekani wanatembea tu wakiokota, kwa kuwa huko hakuna nyasi wala udongo mzito wa kuyaficha mawe.

Sasa tazama Mwanza. Kuanzia Capri Point hadi Bugando, kutoka Igogo hadi Mabatini, jiji limekaa juu ya graniti. Jiwe hili nalo lilikuwa uji wa moto, ila halikuwahi kumwagika juu. Liliganda kilomita kadhaa chini ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, polepole mno, huku uzito wa miamba iliyokuwa juu yake ukilikandamiza pande zote. Katika hali hiyo hakuna viputo vya kuacha vyumba kama vile vya lava. Madini yalikua yakibanana hadi yakajaza kila nafasi, na pasipo na chumba, akiki haina pa kuzaliwa.

Anayetaka kuona hayo kwa macho asihangaike na mawe makubwa ya njiani, maana nyuso zake zimechakaa kwa jua na kuvu. Aende wanakopondea kokoto kwenye miteremko ya vilima. Asalimie kwanza, aombe ruhusa, kisha achukue kipande kilichovunjwa asubuhi hiyo. Humo ataona chembe nyeupe au za waridi zenye uso bapa unaomeremeta akizigeuza juani. Hiyo ni feldispa. Chembe za kijivu zinazofanana na kioo kilichovunjika ni kwazi. Vidoa vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha ni ulanga. Chembe zote zimeshikana bila mwanya, hata ncha ya sindano haipati pa kupita.

Na yale mawe yaliyobebana, ambayo mgeni huuliza ni nani aliyeyapanga? Hayakupangwa na mtu, wala hayakuviringika kutoka popote. Graniti ilipopanda karibu na uso wa dunia ilipata nyufa, za wima na za ulalo, zikaigawa katika mapande. Maji ya mvua yakaingia kwenye nyufa hizo wakati mwamba bado umefunikwa na udongo. Feldispa ikageuka udongo wa mfinyanzi, na pembe za kila pande zikaoza haraka kuliko uso, kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande mbili au tatu kwa pamoja. Pande la mraba likawa mviringo likiwa bado chini. Mmomonyoko ulipokuja kuondoa udongo, mawe yakabaki wazi pale pale yalipokuwa, moja juu ya jingine. Mwamba wa Bismarck unaosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga ni kazi ya namna hiyo. Ziwa lenyewe ni la juzi kwa kipimo cha miamba: lina umri wa miaka laki chache tu, na takriban miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka.

Basi mistari ya Geita inatoka wapi? Ukivuka Ghuba ya Mwanza kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, unaelekea kwenye miamba mizee kuliko hata graniti ya jiji. Ilitandazwa chini ya bahari, dunia ikiwa karibu haina oksijeni hewani. Chuma kiliyeyuka katika maji hayo kwa wingi, kisha kikazama chini kwa awamu, tabaka la chuma likifuatwa na tabaka la silika, wakati mwingine unene wa milimita chache tu. Mwamba huo wa chuma wenye mistari ndio unaobeba dhahabu nyingi ya mgodi wa Geita, kwa sababu maji ya moto yenye dhahabu yalipopita kwenye nyufa, chuma kiliichukua salfa iliyokuwa imeishikilia dhahabu, nayo ikabaki hapo. Wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, kutafuta mbale, yaani mawe yenye dhahabu, wanaujua mwamba huu kwa mkono, hata gizani, kwa uzito wake. Warongo, jamii ya wahunzi, nao walisifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe upande huo wa ziwa muda mrefu kabla ya Wajerumani kuja kusaka dhahabu.

Kwa hiyo tofauti ipo kwenye mwendo wa mistari. Ya akiki huzunguka tundu lake. Ya jiwe la Geita ilianza ikiwa imenyooka kama sakafu ya bahari, na pale ilipopinda imekunjwa na nguvu za ardhi. Mikunjo yake ni mikali, ya zigizaga, na mstari hukatika ghafla ukingoni mwa jiwe bila kujifunga.

Macho yakikosa uhakika, vifaa vya nyumbani vinatosha. Chukua sumaku ya spika mbovu: ikivutwa na mistari myeusi, humo mna magnetiti, madini ya chuma. Geuza kigae cha sakafu, sugua jiwe kwa nguvu upande wa nyuma usiong'aa. Hematiti, madini mengine ya chuma, itaacha alama ya wekundu wa damu iliyokauka, hata kama jiwe lenyewe linaonekana jeusi. Akiki haiachi rangi. Halafu washa tochi ya simu nyuma ya ukingo mwembamba. Akiki hupitisha mwanga, ukingo ukawaka kama asali. Mwamba wa chuma hubaki giza tupu. Kisu hakisaidii sana hapa, kwa kuwa hakiwezi kukwaruza akiki wala sehemu nyekundu ya jiwe la Geita. Zote mbili ni silika.

Mwenye hamu ya ndugu wa akiki aliyezaliwa Tanzania aangalie Haneti, mkoani Dodoma. Huko hupatikana krisoprasi, ya jamii moja na akiki, iliyopakwa kijani na nikeli. Haihitaji tundu la lava: mwamba wenye nikeli ulipooza, silika ikajaza nyufa zake. Kwangu mimi ni miongoni mwa mawe mazuri kabisa ya nchi hii, na inasikitisha kwamba Watanzania wengi wanaijua tanzanaiti peke yake.

Kabla ya kutoka na begi, zingatia haya. Madini yote nchini ni mali ya umma. Kuyachimba au kuyauza bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madini ya 2010, na biashara halali ina masoko yake, la kwanza likiwa lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usiondoke na jiwe lake hata moja. Chini ya miamba yenye vivuli ukikuta vipande vidogo vya kwazi vyenye makali, viache vilivyo: watu wa kale wa pwani ya ziwa walichonga zana zao kwa jiwe hilo, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mabaki hayo. Usikanyage maji yaliyotulia penye matete, kichocho bado kipo. Na jiwe likikushinda kabisa, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, ina wataalamu na maabara, pamoja na makumbusho ambamo unaweza kulilinganisha jiwe lako na mawe mengine ya nchi hii.