Sauti ikisha kutoka hairudi: kuanzisha podikasti ya kupanda miamba kutoka Kitshanga



Vijana wengi wenye diploma hapa kwetu wako na telefone, wako na mambo ya kusema, lakini hawana pahali pa kuyasemea. Leo tuongee juu ya podikasti, na tuchukue mfano ambao wengine watashangaa: podikasti ya kupanda milima na miamba. Nitaeleza namna ya kuianza na vitu kidogo, kisha nitakaa zaidi kwenye sehemu ile watu wanaidharau, yaani kupokea na kujibu maneno ya wasikilizaji. Juu huku Masisi jibu lililochelewa linaweza kumuumiza mtu kweli kweli.

Podikasti haiko kitu cha ajabu. Neno lenyewe liliandikwa mara ya kwanza mwaka 2004 na Ben Hammersley, katika gazeti la Guardian la Uingereza. Ni kipindi cha sauti ambacho mtu anakisikiliza saa anayotaka yeye, si saa ambayo redio imepanga. Ukifikiri vizuri, audio ndefu za WhatsApp ambazo tunatumiana kila siku ziko karibu sana na podikasti. Kinachokosekana ni mpango: jina la kipindi, siku ya kutoka, namba ya kila sehemu, na mtu anayejibu.

"Banafunga njia, sasa munatufundisha kupanda nini?"

Hilo ndilo swali la kwanza utaulizwa, na liko na haki yake. Nyiragongo, mlima wa mita 3.470, watalii walikuwa wanaupanda kutoka Kibati na walinzi wa Hifadhi ya Virunga, saa nne mpaka sita za kutembea. Lakini mwaka 2018 hifadhi ilifungia watalii baada ya utekaji nyara, mwaka 2020 ikafunga tena juu ya korona, na tarehe 22 Mei 2021 volkano ikalipuka. Kisha vita ikaendelea kusogea, na mwanzoni mwa 2023 ikafika mpaka hapa Kitshanga. Nani atakwenda kupanda?

Jibu ni hili: kipindi cha sauti hakihitaji njia iliyo wazi. Kinahitaji habari nzuri, na habari za milima za Afrika yetu ziko nyingi. Chukua ile ya Januari 1943. Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walikuwa wafungwa wa vita kwenye kambi ya Waingereza karibu na Nanyuki, Kenya. Kila siku walikuwa wanauona Mlima Kenya juu ya ua wa kambi. Wakatoroka ili waupande. Meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, yale yanayozuia kuteleza kwenye barafu, waliyatengeneza kwa vyuma vilivyotupwa. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye kopo la nyama. Barsotti aliugua, akabaki kambini chini. Kilele cha Batian, mita 5.199, kiliwashinda. Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, wakasimamisha bendera, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kujitoa kwa waliowafunga. Mtu ambaye amewahi kuishi akizungukwa na vita atasikiliza habari hiyo mpaka mwisho, hata kama hajawahi kugusa kamba ya kupandia.

Kwenye Lenana ileile, usiku wa uhuru wa Kenya mwaka 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera mpya ya nchi yake. Na kwetu Kongo kuna Rwenzori, na kilele cha Margherita cha mita 5.109. Vitabu vinasema kilipandwa mara ya kwanza mwaka 1906 na mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi. Swali zuri la kipindi kizima: ni nani walibeba mizigo yake, na kwa nini majina yao hatuyajui?

Vitu vya kuanzia

Telefone moja inatosha. Chumba kizuri cha kurekodia ni kile kilicho na nguo nyingi, magodoro na pazia, juu nguo zinakula mwangwi. Ukuta mtupu unafanya sauti yako ionekane kama inatoka ndani ya pipa. Shika telefone umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, uiweke pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige. Mvua yetu juu ya mabati ni adui mkubwa. Rekodi asubuhi mapema mbele mawingu hayajakusanyika. Sikiliza dakika moja ya kwanza kabla ya kuendelea, ili usimalize nusu saa ndipo ugundue kwamba sauti haikuingia.

Kisha hesabu uzito wa faili, juu msikilizaji wako ndiye analipa mega. Sauti ya mtu akiongea haihitaji ubora wa muziki. Dakika kumi kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu mega 10. Dakika zilezile kwa kilobiti 32, njia moja tu ya sauti badala ya mbili, ni karibu mega 2 na nusu, na maneno yanasikika vizuri. Hiyo tofauti ndiyo itafanya mama wa sokoni akufuate ama akuache.

Kwa urefu, dakika kumi mpaka kumi na tano zinatosha. Mwanzoni kabisa, kabla ya muziki, sema kwa sauti: jina la kipindi, namba ya sehemu, na tarehe. Usiandike tu kwenye jina la faili, juu majina ya faili yanabadilika njiani. Sababu ya kusisitiza hilo utaiona sasa hivi.

Kwa nini majibu ni kazi kubwa kuliko kurekodi

Podikasti za Ulaya na Marekani zinakaa pahali pamoja kwenye intaneti. Mwenye kipindi akiona kosa, anabadilisha faili, na anayekuja kesho anasikia kilichosahihishwa. Kwetu haiko vile. Sehemu yako itatoka kwenye grupu moja kwenda jingine, kwa bluutuu, kwa kadi ya memori ya kijana anayejaza nyimbo sokoni, mpaka Mweso, mpaka Sake, mpaka kwa mtu ambaye hana namba yako na hata hajui jina lako. Ukishatuma huwezi kuifuta tena.

Tuchukue mfano. Tuseme umetayarisha sehemu juu ya kulala mlimani, umesoma mashauri ya wapandaji wa Ulaya, na ukasema: upepo ukizidi, tafuta bonde dogo ama shimo ujifiche humo. Kwa milima ya kule ni shauri la kawaida. Siku ya pili msikilizaji wa upande wa Sake anakutumia audio: "Papa, hapa kwetu ukifanya vile unakufa. Kuko mazuku."

Ana haki. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka chini ya ardhi ya volkano kati ya Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa, basi inatelemka na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi wakati upepo umetulia. Haina harufu, haina rangi. Mbuzi anakufa humo, mtoto anakufa mbele ya mkubwa juu yeye yuko karibu na ardhi. Mtu aliyefuata shauri lako kwa uaminifu angejificha palepale kifo kinapokaa. Na huyo msikilizaji hakusoma vitabu vya kupanda miamba. Amekaa tu pahali hapo na anapajua. Wewe unajua kipaza sauti, yeye anajua ardhi. Kipindi kizuri ni kile kinachowapatanisha hao wawili haraka.

Tukumbuke pia Mei 2021. Usiku ule wa kwanza, habari zilizozunguka zilikuwa zinachanganya Nyiragongo na Nyamulagira. Tarehe 27 ilipotoka amri ya kuhamisha sehemu ya mji wa Goma, watu wengi sana walikimbilia Sake kwa miguu, kila mmoja na audio zake ndani ya telefone, za kweli na za uongo, bila tarehe. Audio bila tarehe ni hatari. Inaweza kusikilizwa mwaka unaofuata kama habari ya leo.

Namna ya kupanga maneno ya wasikilizaji

Usijibu kwa kufuata mstari wa nani aliandika kwanza. Gawa.

Ya kwanza ni maneno ya uzima: gesi, njia, kamba, maji, ugonjwa. Haya yanajibiwa siku ileile, hata kama bado huna hakika nani ana haki. Unatuma kwanza audio ya nusu dakika: "Sehemu ya nne, msifuate shauri la kujificha kwenye bonde. Tunaulizia." Kisha unatafuta mtu anayejua. Kwa mambo ya volkano, kazi hiyo ni ya OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano.

Ya pili ni maneno ya ukweli: mwaka, urefu wa mlima, jina. Haya yanaweza kungoja siku mbili tatu ili uyahakikishe. Mtu akikuambia umekosea, muulize kwa heshima alipata wapi. Mara nyingine ni yeye aliyechanganya, na hapo pia unamjibu bila kumwaibisha.

Ya tatu ni ladha: unaongea mbio, muziki uko juu sana, Kiswahili chako ni cha vitabu. Hapa hesabu. Mmoja akisema, andika. Wakisema kumi, badilisha. Ukibadilisha kila mara mtu mmoja analalamika, kipindi kitakosa sura.

Na matusi? Nyamaza. Lakini soma mpaka mwisho mbele ya kunyamaza, juu mara nyingi ndani ya tusi kuna neno moja la kweli.

Sahihisho lenyewe liwe faili lake peke yake, chini ya dakika moja, jepesi kuliko sehemu iliyokosea, ili lipite haraka zaidi. Anza na lililo kweli, kisha ndipo utaje lililokosewa, juu watu wanashika neno la kwanza. Litaje kwa namba ya sehemu na tarehe; ndiyo maana tulisema namba itamkwe. Litume kwenye grupu zote ulizotuma mwanzo, na kwa wale vijana wa kadi za memori. Kisha lirudie mwanzoni mwa sehemu inayofuata, si mwishoni ambapo wengi wamekwisha kuzima. Na mtaje aliyesahihisha, kama amekubali: "Asante kwa mama mmoja wa Sake." Msikilizaji akiona neno la mwenzake limebadilisha kipindi, naye ataleta la kwake.

Mambo mawili ya huku kwetu

La kwanza ni majina ya vilima. Masisi kilima kimoja kinaweza kuwa na jina la Kihunde na jina la Kinyarwanda, na nyuma ya jina kuna shamba, na nyuma ya shamba kuna damu iliyomwagika. Msikilizaji akikuandikia "kile kilima hakiitwi vile", hakuulizi jambo dogo. Usijifanye hakimu. Sema majina yote unayoyajua, eleza wanaolitumia kila moja, endelea na habari ya mwamba. Kipindi cha kupanda hakiwezi kukata kesi ya ardhi, lakini kinaweza kuichochea.

La pili ni usalama wa anayekuandikia. Usimweke mtu hewani bila ruhusa yake. Sauti inatambulika hata bila jina. Futa namba na audio ukisha kuzitumia, juu telefone inaweza kuangaliwa njiani na mtu yeyote. Usitaje njia gani iko wazi wiki hii, wala usiombe watu wakutumie picha za pahali walipo. Mtu mwingine anaweza kuzitafuta hizo habari kwa sababu yake.

Kwa mpango wa wakati, tunaweza kujifunza kwa redio. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, na iko na kipindi chake cha kuwapa wasikilizaji neno, Parole aux auditeurs. Nafasi ya msikilizaji imepangwa, inajulikana, watu wanaingojea. Wewe pia chagua siku moja ya majibu kila wiki mbili, na uishike. Ukisema Jumamosi, iwe Jumamosi.

Wanaopanda miamba wanafanya kazi wawili wawili: mmoja yuko juu, mwenzake chini anashika kamba. Wa juu haanze kupanda mpaka amwulize wa chini kama yuko tayari, na wa chini amjibu kwa sauti. Anayeongea kwenye podikasti ni kama yule wa juu. Basi kabla ya kutuma sehemu ya kwanza, chagua nani atapokea majibu, kwa namba gani, siku gani. Kama hilo halijapangwa, ngoja kwanza kutuma.