Siku ya Mapumziko Yenye Faida: Nyumba za Kale na Ukumbi wa Taifa

Watu wengi wafanyao kazi juma zima, shambani au ofisini, wapatapo siku moja ya mapumziko hawajui waitumie namna gani. Wengine hulala mpaka jua la utosi, wengine huenda sokoni pasipo haja ya kununua kitu, na wengine hukaa pamoja kuzungumza habari zile zile walizozungumza juma lililopita. Hakuna ubaya katika kupumzika. Lakini mwili waweza kupumzika na akili ikapata chakula siku hiyo hiyo, tena pamoja na mke na watoto, kwa gharama isiyomshinda mtu wa mshahara wa kawaida.

Katika nchi ya Kenya zimo nyumba kubwa za mashamba zilizojengwa na masetla, nazo sasa zimefunguliwa kwa watu wote. Tena umo katika mji wa Nairobi Ukumbi wa Taifa wa michezo ya kuigiza. Zamani Mwafrika aliyeingia katika nyumba kama hizo aliingia kwa mlango wa nyuma, akichukua sinia au kuni. Siku hizi huingia kwa mlango wa mbele, na tikiti yake mkononi. Hata hivyo wako wengi wakaao karibu kabisa na mahali hapo ambao hawajakanyaga hata mara moja, wakidhani kuwa ni mambo ya wageni watokao ng'ambo. Dhana hiyo haifai, kama itakavyoonekana hapa chini.

NYUMBA ILIYO CHINI YA VILIMA VYA NGONG

Nyumba ya kwanza ni ile ya Karen Blixen, iliyo katika mtaa wa Karen, nje kidogo ya Nairobi. Ilijengwa mwaka 1912 na Mswidi mmoja aitwaye Åke Sjögren. Ni nyumba ya mawe, ya chini, yenye paa la vigae na baraza pana. Mtu akisimama bustanini, huviona vilima vya Ngong vimejipanga mbele yake.

Bibi huyo, mwenyeji wa Denmark, alifika Kenya mwaka 1914, akakaa katika nyumba hiyo tangu mwaka 1917 hata mwaka 1931. Shamba lake lilikuwa kiasi cha ekari 6,000, na katika hizo ekari 600 hivi zilipandwa kahawa. Sehemu nyingine walikaa maskwota pamoja na mifugo yao, nao walipaswa kumfanyia kazi siku kadha kila mwaka ili waruhusiwe kukaa katika ardhi ambayo wengi wao waliihesabu kuwa ya baba zao.

Kwa mkulima, jambo la kutazama sana mahali hapo ni mitambo ya kahawa ya zamani ambayo hata leo ipo katika uwanja. Mitambo hiyo ni ushuhuda wa hasara. Shamba lilikuwa juu mno, zaidi ya futi 6,000, na kahawa haikupenda baridi ya huko. Tena kuna miaka ambayo mvua ilikuwa haba. Kiwanda nacho kiliungua moto, bei ikashuka, na deni likazidi mwaka kwa mwaka. Mwisho kampuni ya shamba ikashindwa, shamba likauzwa mwaka 1931, likakatwa viwanja. Mkulima wa Kiambu au wa Murang'a akiyaona hayo atafahamu kwamba ardhi nyingi na fedha za kutoka Ulaya hazikufaa kitu mahali ambapo mmea wenyewe haukupatana na mahali ulipopandwa. Somo hilo ni bora kulipata katika hasara ya mwingine kuliko katika hasara yako mwenyewe.

Baada ya kurudi kwao, bibi huyo aliandika kitabu juu ya maisha yake ya Kenya, kikatokea mwaka 1937 na kuenea duniani. Ndani yake wametajwa watu wa shamba, kama vile Kamante Gatura, aliyekuwa mtoto mwenye vidonda vya miguu, akatibiwa katika hospitali ya misheni, na baadaye akawa mpishi hodari. Na Farah Aden, Msomali, aliyesimamia mambo yote ya nyumbani. Msomaji wa leo atavikuta humo visehemu vya upendo wa kweli, na visehemu vingine ambavyo Mwafrika hawezi kuvisoma bila kukunja uso, kwa namna watu wake walivyoelezwa. Lakini jambo moja lafaa kukumbukwa. Shamba lilipouzwa na maskwota wakatakiwa kutawanywa, bibi huyo alikwenda ofisi baada ya ofisi akiwaombea wapewe mahali pa kukaa pamoja, hata Serikali ikakubali kuwapa sehemu ya msitu wa Dagoretti.

Mwaka 1964 Serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo na kuitoa kwa Kenya iwe zawadi ya uhuru. Mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vyombo vingine vilivyomo ni vile vya zamani hasa, na vingine vililetwa kwa ajili ya filamu iliyotokea mwaka 1985. Mgeni amwulize mwelekezi kipi ni kipi, maana waelekezi wanajua.

NGOME YA NJORO

Nyumba ya pili iko upande wa Nakuru, karibu na Njoro, nayo huitwa Ngome ya Lord Egerton. Mwenyewe alikuwa Maurice Egerton, tajiri wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1874. Alianza kuijenga mwaka 1938, kazi ikasimama wakati wa vita vikuu vya pili, ikaendelea, na ikaisha mwaka 1954. Ina vyumba 52, na chumba kikubwa cha dansi chenye kinanda cha mabomba kama kile cha kanisani.

Watu husimulia kwamba tajiri huyo aliijenga ngome ili kumpendeza mwanamke mmoja aliyeidharau nyumba yake ya kwanza, na kwamba mwanamke huyo alimkataa hata hivyo. Kisha, wasema, akawachukia wanawake wote, asiwaruhusu kukanyaga shamba lake. Hayo ni masimulizi, na kila mwenye kusimulia huongeza chumvi yake. Lisilo na shaka ni kwamba hakuoa wala hakuacha mtoto, na kwamba alikaa katika nyumba hiyo kubwa muda wa miaka minne tu, maana alifariki mwaka 1958. Siku hizi watu hufanya arusi katika bustani ya ngome hiyo, na mabibi arusi hupigwa picha penye ngazi ambazo, kama masimulizi ni ya kweli, mama zao wasingeweza kuzikaribia.

Lord Egerton alikuwa na nyumba nyingine iliyo kubwa zaidi kwao Uingereza, iitwayo Tatton Park, katika jimbo la Cheshire. Alipokufa, nyumba hiyo iliachiwa chama kitunzacho majumba ya kale ya Uingereza, nayo sasa hutembelewa na watu wengi kila mwaka. Humo umo ukumbi uliojaa vichwa vya wanyama aliowawinda, na wengine wao ni wanyama wa Afrika. Basi majumba hayo mawili, la Njoro na la Cheshire, ni kama ndugu wa baba mmoja. Wakulima na makarani wa Uingereza huchukua chakula chao kikapuni, wakaenda Tatton Park siku ya mapumziko pamoja na watoto, wala hawaoni kuwa ni ajabu. Kwa nini mkulima wa Njoro au karani wa Nakuru aone ajabu kufanya vivyo hivyo?

Iko sababu nyingine ya kwenda. Mwaka 1939 Lord Egerton alitoa ardhi ya kuanzishia shule ya kilimo. Mwanzo shule hiyo ilikuwa ya vijana wa Kizungu tu. Baadaye ikawa chuo cha watu wa rangi zote, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho ndicho kiitunzacho ngome. Ni faida kumwonyesha mtoto kwamba mlango uliofungwa jana waweza kufunguka leo, mradi wawepo watu walio tayari kuingia.

UKUMBI WA TAIFA

Katika mji wa Nairobi, mkabala wa hoteli ya Norfolk, uko Ukumbi wa Taifa wa Kenya, uliofunguliwa mwaka 1952. Barabara ipitayo hapo huitwa barabara ya Harry Thuku. Ni katika sehemu hiyo, mwezi wa Machi mwaka 1922, watu waliokusanyika kudai Thuku afunguliwe walipopigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Mzazi afikapo mapema na asimame hapo na watoto wake kidogo, awasimulie habari hizo kabla ya kuingia ndani.

Ijapokuwa uliitwa wa Taifa, kwa miaka mingi ukumbi huo ulitumiwa zaidi na vikundi vya Wazungu, hata baada ya uhuru. Mwaka 1976 mchezo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, uliigizwa humo baada ya ushindani mkubwa juu ya siku za kuutumia ukumbi. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, karibu na Limuru, waliigiza mchezo wa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, katika uwanja walioujenga kwa mikono yao. Mchezo huo ulipigwa marufuku mwaka huo huo. Mwaka 1982 watu hao wa Kamiriithu walipotaka kuigiza mchezo mwingine katika Ukumbi wa Taifa, waliikuta milango imefungwa.

Ukumbi ulitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2015. Na mwaka 2022 mchezo ule ule wa Kamiriithu uliokuwa umepigwa marufuku uliigizwa humo mbele ya watu waliolipa tikiti zao na kuketi kwa amani. Ilipita miaka 45 katikati. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba michezo ya kuigiza ni ya watu waliosoma sana. Wenye kuupatia mchezo sifa kuliko yote katika nchi hii walikuwa watu wa jembe na wa kiwanda, na wengine wao walijifunza kusoma na kuandika katika kituo hicho hicho cha Kamiriithu.

Wazazi wenye watoto katika shule za sekondari wana sababu ya ziada. Vikundi vya waigizaji huonyesha tamthilia zisomwazo darasani, na mtoto aliyeiona Bembea ya Maisha jukwaani huikumbuka vizuri zaidi kuliko aliyeisoma kitabuni peke yake.

MAMBO YA KUJITAYARISHA

Safari ya namna hii yataka mpango mdogo tu. Kwanza, uliza saa za kufungua na bei ya tikiti kabla ya kutoka nyumbani, maana hubadilika. Raia hutozwa kiasi kidogo kuliko wageni katika makumbusho ya Serikali, basi chukua kitambulisho chako. Pili, hesabu nauli ya kwenda na kurudi, uiweke mbali na fedha nyingine. Tatu, chukua chakula cha nyumbani, lakini uliza mahali panaporuhusiwa kulia, wala usiache takataka. Nne, katika nyumba za kale usiguse vyombo wala kuketi juu ya viti. Mikono elfu ikigusa kitambaa kimoja, mwisho kitachanika. Tano, katika ukumbi wa maigizo fika kabla ya mchezo kuanza, zima simu, wala usimweleze jirani yako kitakachotokea. Kicheka mahali pa kucheka si utovu wa adabu. Waigizaji hupenda kusikia kwamba watu wamo.

La mwisho ndilo kubwa. Kama yuko katika jamaa mzee aliyepata kufanya kazi katika nyumba za masetla, awe mpishi, mtunza bustani, yaya au kibarua wa kahawa, achukuliwe katika safari hiyo, naye apewe kiti cha mbele garini. Mwelekezi atasema jina la aliyeijenga nyumba na mwaka ilipojengwa. Mzee atasema kuni zilitoka wapi, maji yalichotwa saa ngapi, mshahara ulikuwa kiasi gani, na nani alilala wapi. Habari hizo aghalabu hazimo katika vitabu, kwa kuwa walioandika vitabu walikuwa barazani na si jikoni. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini Lord Egerton alipokufa, sasa anakaribia miaka tisini. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na kila mmoja huondoka na chumba kizima cha nyumba hizo ambacho hakuna mwelekezi awezaye kukifungua tena.

Basi watoto na wachukue daftari na kalamu, wamwulize babu au bibi yao papo hapo, mbele ya jiko lenyewe, na waandike anayosema. Wakirudi nyumbani jioni watakuwa wameona nyumba ya tajiri, na pamoja nayo watakuwa wamepata sehemu ya historia ya jamaa yao wenyewe.