ALIZETI: FAIDA INAISHIA KWENYE DIZELI

Msimu wa alizeti ukifika mkoani Singida, wanunuzi huulizana bei ya gunia. Wachache huuliza gari litapita wapi. Mwenye fuso moja anayetoka Singida mjini, akazunguka vituo 10 vya ununuzi na kurejea mashineni, ana mipangilio 1,814,400 ya kuchagua, na hapo mzunguko uleule kwa kinyume hatujauhesabu mara ya pili. Vituo vikiwa 15, mipangilio inazidi bilioni 653.

Vituo 10 kompyuta ya kawaida huvimaliza mara moja. Ugumu unakuja vinapoongezeka. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wanajua kuwa hesabu hii ni ya kundi ambalo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kulimaliza kila mara. Wakaamua kutafuta jibu la kukaribia, lakini lenye dhamana: safari haitazidi kiasi fulani cha ile fupi kuliko zote.

Njia mojawapo inafanyika kwa kalamu. Unganisha vituo viwili vilivyo karibu zaidi, mji ukiwa mmoja wapo wa vituo, kisha jozi inayofuata kwa ukaribu. Acha kila kiungo kinachofunga duara, mpaka vyote viungane. Sasa fuata matawi hayo kwenda na kurudi. Kituo ulichokwisha kufika, kiruke uende moja kwa moja kinachofuata. Safari hiyo haivuki mara mbili ya iliyo fupi kabisa. Sababu ni hii: mzunguko mfupi kabisa ukiutoa kipande kimoja, kinachobaki nacho kinaunganisha vituo vyote, na matawi yako hayawezi kuwa marefu kuliko hicho.

Mwaka 1976 Nicos Christofides alionyesha njia nyingine, isiyovuka mara moja na nusu. Kama safari fupi ni kilomita 400, hii haipiti 600, na mara nyingi huwa chini ya hapo. Mwaka 2020 Anna Karlin, Nathan Klein na Shayan Oveis Gharan wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walikishusha kiwango hicho, ila kwa sehemu ndogo mno ambayo geji ya dizeli haiwezi kuiona.

Mazoea ya madereva ya kukimbilia kila mara kituo cha jirani hayana dhamana ya namna hiyo. Kilichorukwa mwanzoni humsubiri mtu mwishoni, upande wa pili wa mkoa.

Kusini, kupitia Ikungi, Manyoni hadi Itigi, hakuna la kufikiri sana, kwani vituo vimefuatana barabarani. Karatasi inahitajika Iramba na Mkalama, kwenye njia za vumbi zinazokatana. Pimeni umbali wa barabara inayopitika. Iliyokatwa na mvua ihesabiwe kwa urefu wa mchepuko wake. Na wanaochanga mtaji wa lori waombe kuonyeshwa mzunguko huo kabla ya kutoa fedha ya mafuta.