FUKO HASHINDWI KWA SUMU

Mji wa Kigali, ulioanzishwa mwaka 1907 na kufanywa makao makuu ya Rwanda nchi hiyo ilipojitawala mwaka 1962, umejengwa juu ya vilima. Kwa sababu hiyo nyasi na maua ya mji huo si pambo tu. Ukoka uliopandwa kwenye kingo za barabara, katika nyua za ofisi na ndani ya kambi ndio unaoushika udongo usiteremke mabondeni wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi wananchi hutoka kufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda, na askari wa jeshi na wa polisi huwa miongoni mwao, majembe na mafyekeo mikononi.

Yuko, hata hivyo, mchimbaji mwingine ambaye hangoji Jumamosi. Huyo ni fuko, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa ifuku. Usiku mmoja wamtosha kuinua mafungu ya udongo katikati ya ukoka uliokatwa vizuri jioni, na kulikata shina la ua kutoka chini hata likanyauka huku limesimama. Katika uwanja wa gwaride au njia ya doria, ardhi iliyotobolewa chini kwa chini yaweza kudidimia mguu ukiikanyaga na kumtegua askari kifundo. Ndipo hasira hupanda, na aghalabu jambo la kwanza linalotajwa ni sumu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sumu ndiyo silaha mbaya kuliko zote katika vita hivi, na kwamba fuko hushindwa na mtu azijuaye tabia zake.

MTAMBUE KWANZA

Askari hafyatui risasi kabla hajamtambua aliye mbele yake. Vivyo hivyo, si kila shimo bustanini ni kazi ya fuko. Vishimo vidogo vilivyo wazi, vilivyotapakaa juu ya nyasi, mara nyingi huwa ni vya nguchiro atafutaye mabuu na wadudu. Huyo ni rafiki wa bustani. Mizizi na vitunguu vya maua vilivyofukuliwa usiku kwa nguvu nyingi hutuelekeza kwa nungunungu. Shimo pana lililoachwa wazi laweza kuwa la panyabuku, na huyo naye anastahili heshima kwa askari: ndugu zake waliofunzwa kunusa baruti mjini Morogoro, Tanzania, walisaidia kutafuta mabomu ya ardhini nchini Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa.

Alama ya fuko ni tofauti. Yeye huacha fungu la udongo mbichi lisilokuwa na tundu. Ukilifukua utakuta njia imezibwa kwa udongo ulioshindiliwa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba fuko wetu si yule wa Ulaya ambaye habari zake huandikwa katika vitabu vya bustani vya kigeni. Yule wa Ulaya hula minyoo na wadudu, ndiyo maana wenzetu wa huko huambiwa wawaangamize wadudu wa udongoni ili naye ahame. Fuko wa Rwanda, Burundi, Kenya na Uganda ni mgugunaji wa jamii ya panya. Chakula chake ni mizizi, viazi na nyasi. Kuwaua minyoo kwa ajili yake ni kuuharibu udongo bure.

TABIA ZAKE

Fuko ana uzito wa kama robo kilo, macho madogo, masikio yasiyoonekana sana na meno manne ya mbele yaliyojitokeza nje ya midomo. Meno hayo ndiyo sururu yake. Wataalamu J. U. M. Jarvis na J. B. Sale, waliochapisha mwaka 1971 uchunguzi wao juu ya mafuko wa Afrika Mashariki, walieleza jinsi anavyoulegeza udongo kwa meno, kisha akausukuma nje kwa kichwa. Huishi peke yake. Ana chumba kilichotandikwa nyasi, na kutoka hapo hutokeza njia ndefu za kutafutia chakula, nyingi zikiwa karibu na uso wa ardhi, kiasi cha shibiri moja au zaidi kidogo.

Wachimbaji wa vita walijua kwamba udongo utolewao chini ndio unaowafichua. Kabla ya tarehe 7 Juni 1917, siku Waingereza walipolipua mabomu 19 chini ya ngome za Wajerumani huko Messines, Ubelgiji, walijitahidi sana kuuficha udongo wa buluu waliouchimba usije ukaonekana kutoka angani. Fuko hana ujanja huo. Mafungu yake ni ramani: mafungu mawili mapya yaliyo karibu huonyesha njia inakopita.

Udhaifu wake mkubwa zaidi ni huu: hawezi kuvumilia njia yake ikiwa wazi. Hewa na mwanga vikiingia, hurudi kuziba. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fuko ameushika usemi huo kwa ukamilifu, na hapo ndipo anaponaswa.

KWA NINI SI SUMU

Mtu atiaye sumu shimoni hudhani kwamba mambo yataishia shimoni. Sivyo. Fuko aliyekula sumu na kutoka nje akiwa dhaifu huliwa na bundi, kanu, au ndege wa jamii ya tai aitwaye shakivale, ambao ndio wawindaji wake wa asili, nao hufa. Hivyo aliyetia sumu huwaua walinzi wake mwenyewe, na msimu ufuatao mafuko huongezeka. Nafaka iliyotiwa sumu na kumwagika juu ya ardhi haibagui kuku wa jirani, mtoto anayecheza, wala mbwa anayefanya kazi na polisi. Chini ya vilima vya Kigali kuna mabonde ya maji, na katika mojawapo kimejengwa kituo cha Umusambi Village, ambako hutunzwa korongo taji waliookolewa kutoka vifungoni na wasioweza kurudi porini. Yanayomwagwa kilimani huteremka na mvua.

Maji na petroli navyo havifai. Kumimina maji katika njia za fuko kwenye mteremko ni kuufungulia mmomonyoko mlango. Petroli huua mizizi ya nyasi ile ile inayolindwa, tena yaweza kumuunguza mwenye kuimwaga. Zaidi ya hayo, fuko huweza kuziba njia nyuma yake akakaa salama upande wa pili.

MTEGO WA KITANZI

Silaha iliyothibitika ni mtego wa kitanzi, ambao wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki wameutumia kwa miaka mingi. Kwanza sawazisha mafungu yote jioni. Asubuhi yatazame yaliyo mapya. Hapo ndipo alipo. Kwa kijiti kilichochongwa, dunga ardhi kati ya mafungu mawili mapya mpaka kijiti kizame ghafula. Fukua hapo uifungue njia, nawe utaona matundu mawili yanayotazamana. Tega pande zote mbili, kwa kuwa hujui atatokea upande gani.

Chomeka ufito mbichi unaopindika, ufunge kitanzi cha waya laini, kisha kiweke ndani ya tundu kikiwa kimelingana na kuta zake. Ufito uliopindwa hushikwa chini na uzi unaopita mbele ya kitanzi. Fuko anapokuja kuziba hukuta uzi njiani, akaukata kwa meno au akausukuma pamoja na udongo. Ufito hufyatuka na kitanzi humkaza. Paka mikono udongo kabla ya kutega, usisimame juu ya njia, na uukague mtego asubuhi na jioni ili mnyama asiteseke. Usimshike kwa mkono mtupu, maana meno yale hukata.

KINGA YA KUDUMU

Kwa vitalu vya maua yenye thamani, kinga ni bora kuliko mtego. Chimba kitalu nusu mita, tandaza chini na pembeni wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita mbili, kisha rudisha udongo na upande. Fanya hivyo kabla mvua hazijaanza, kwa kuwa ardhi ikilainika fuko naye huongeza kazi. Wakulima wengi hupanda pia mmea wa utupa mipakani wakiamini kwamba humfukuza. Anayetaka kuujaribu aupande mbali na mabwawa, maana utupa huua samaki.

Kwa ukoka mpana, wavu ni gharama kubwa mno. Huko kinachohitajika ni zamu: mtu mmoja kila asubuhi akague, asawazishe, ashindilie na kupanda upya palipoachwa wazi. Kambi iliyo na daftari la zamu la lango inaweza kuwa na ukurasa mmoja kwa ajili ya bustani, ukionyesha fungu limeonekana wapi na mtego umewekwa lini. Fuko mmoja humiliki njia nyingi, hivyo uwanja unaoonekana kuvamiwa na jeshi zima huenda una wavamizi wawili au watatu tu. Wakinaswa hao, shakivale na bundi walioachwa hai watasaidia kuwazuia wengine.