Munganga, uniulize kwanza kazi yangu

Papa mmoja wa Kapata, jirani yetu, alikuwa anakohoa tangu miezi mitatu. Alijaribu dawa za kila namna: za ku duka, za majani, hata zile ambazo mutu anapewa na rafiki na kuambiwa tu «hizi zilinisaidia». Siku moja watoto wake wakachoka, wakamupandisha ku pikipiki, wakamupeleka hospitali. Sisi tulimusindikiza. Tulikaa pamoja naye ku banki, basi tuliona na macho yetu namna mambo yalivyopita.

Stajeri mmoja kijana, mwenye bluzi nyeupe ambayo bado ilikuwa na harufu ya duka, aliketi mbele ya fishi. Bila kuinua macho, akauliza:

— Papa, unasikia nini?

— Kifua inaniluma. Na ninakohoaka.

— Uko na homa?

— Kidogo, mangaribi.

— Muzuri. Tutapima malaria.

Ikaisha. Hata dakika tatu hazikufika. Papa akatobolewa kidole, akapewa dawa, akalipa, akarudi Kapata na kikohozi chake. Hakuna aliyemuuliza anatumika kazi gani. Hakuna aliyemwambia avue shati.

Hatuandiki hivi juu ya kumucheka yule kijana. Alikuwa peke yake, wagonjwa walikuwa wengi mu mulango, na mwalimu wake hakuwa karibu. Lakini sisi wa Kolwezi tuna haki ya kujua namna gani wanafunzi wa medisine wanafundishwa kusema na mugonjwa na kugusa mwili wake. Kesho wao ndio watakuwa wanganga wetu.

Ku fakulte za medisine kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa anamneze: ni kumusikiliza mugonjwa na kumuuliza. Mwanafunzi anajifunza mupango wake: nini imekuleta leo, ilianza lini, ilianza namna gani, nini inaipunguza, nini inaizidisha, magonjwa ya zamani, magonjwa ya jamaa, kisha maisha yako, nyumba yako, kazi yako. Sehemu ya pili ni kupima mwili kwa macho, kwa mikono na kwa masikio. Mashine zinakuja kisha.

Watu wengi wanafikiri kinyume. Wanasema munganga wa kweli ni yule anayekutuma ku radio na ku laboratware, na yule anayeuliza sana hajui kazi. Mu mwaka wa 1975, wanganga wa Uingereza waliandika mu British Medical Journal habari ya wagonjwa wapya 80. Kwa wagonjwa 66, maneno ya mugonjwa yalikuwa yametosha kuonyesha ugonjwa uleule uliokubaliwa mwishoni. Kupima mwili kulisaidia kwa wagonjwa 7, na laboratware kwa wengine 7. Kwa mutu wa Kapata, ambaye kila kipimo kinatoka mu mufuko wake, hesabu hiyo si ya kuchezea. Maswali hayalipiwi.

Lakini kusikiliza ni kazi inayofundishwa. Mu 1984, watafiti wa Marekani walipima saa, wakakuta kwamba wanganga walikuwa wanamukata mugonjwa maneno kisha sekunde 18 tu. Ndiyo maana mwalimu muzuri anamwambia stajeri: uliza swali moja wazi, halafu nyamaza. Mugonjwa wetu anazunguka kidogo mbele ya kufika. Anaanza na kichwa, anapita ku mugongo, na neno lenyewe linatoka wakati anataka kusimama. Ukimukata, unabaki na kichwa na mugongo.

Tena kuna jambo la luga. Mwanafunzi anasoma kwa Kifaransa, mugonjwa anaumwa kwa Kiswahili. Kwetu mutu akisema «niko na malaria», pengine anataka kusema tu kwamba mwili wote umechoka. Stajeri akiandika «malaria» mu fishi sababu mugonjwa amelitaja, ameandika neno, hajaandika ugonjwa. Mwenye kufundishwa vizuri anauliza tena: «Malaria yako inakushikaka namna gani? Baridi? Jasho ya usiku? Onyesha na kidole pahali inaluma.» Kidole hakihitaji kutafsiriwa.

Sasa tuingie ku sehemu ya pili, ile ya mikono. Kuna hatua nne: kuangalia, kugusa, kugonga, kusikiliza. Ya kugonga inawashangaza wagonjwa wengi: munganga anaweka kidole ku kifua na kukigonga na kidole cha mukono mwingine. Munganga wa Austria, Leopold Auenbrugger, ndiye aliyeandika kitabu juu ya kugonga kifua, mu 1761. Wanasimulia kwamba baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na mutoto alikuwa anaona namna mapipa yanavyogongwa kusudi kujua divai imefika wapi.

Lakini mutu anayetumika chini ya udongo hana lazima ya hadisi ya mapipa. Anajua mwenyewe. Mbele ya kuanza kazi anachukua chuma kirefu, anagonga mwamba juu ya kichwa chake. Mwamba ukilia kama kengele, umeshikamana. Ukijibu kama ngoma, umeachana, na unaweza kuanguka. Ku kifua ni vilevile, ila sauti zinabadilishana kazi: mapafu yenye hewa ndiyo yanajibu kama ngoma, na pahali maji yamejaa panajibu kama paja la muguu. Stajeri anayeruka hatua hii ni kama mutu anayeingia mu shimo bila kugonga juu.

Na kusikiliza? Mu 1816, ku Paris, munganga René Laennec alikuwa mbele ya dada mumoja mugonjwa wa moyo. Aliona haya kuweka sikio ku kifua chake. Akakunja karatasi kama bomba, akasikiliza kupitia ile karatasi, na moyo ukasikika vizuri kuliko mbele. Steteskopi ilizaliwa hivyo, sababu munganga alimuheshimu mwanamuke. Basi mama zetu na dada zetu wasiogope kudai heshima hiyo: pazia kufungwa, mutu mwingine kuwa karibu, na stajeri kusema jina lake na kuomba ruhusa mbele ya kugusa. Wanafunzi sita wakizunguka kitanda kimoja, mugonjwa anaweza kusema «mumoja inatosha». Mwili wake si ubao wa darasa.

Turudi ku kazi, sababu hapa ndipo tunapoumia. Mu 1700 munganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha ku Modena kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Sura yake ya kwanza ni ya watu wanaochimba chuma na mawe mengine ya mali. Aliwaambia wanganga kwamba, juu ya maswali yote waliyorizi kutoka kwa Hippocrates, waongeze moja: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita. Ku Kolwezi, muji wa shaba na kobalti, swali hilo bado linasahauliwa.

Tuone nini linaweza kufungua. Vumbi la jiwe lenye silika linaleta silikoze, ugonjwa wa mapafu ambao mara nyingi unaonekana kisha miaka 10 au zaidi, hata wakati mutu ameacha kazi. Mapafu yenye silikoze yanashikwa kwa upesi na kifua kikuu. Silikoze haina dawa ya kuiondoa. Kifua kikuu kinapona, na mu nchi yetu dawa zake zinatolewa bure. Asipoulizwa kazi, mutu anaweza kunywa dawa ya malaria mara tano na kifua kikuu kikiendelea kula mapafu, tena kikipita kwa bibi na watoto wanaolala naye mu chumba kimoja.

Vumbi la kobalti nalo linaweza kuleta pumu. Mu 2018, profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wao wa Kasulo, hapa Kolwezi, pahali watu walichimba mpaka mu viwanja vya nyumba zao. Wakaaji wa pale walikuwa na kobalti nyingi mu mikojo na mu damu kuliko watu wa mutaa wa karibu, na hasa watoto. Mu 2020 utafiti mwingine, wa Lubumbashi, ulionyesha kwamba hatari ya mutoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa zaidi kama baba yake ana kazi ya mines. Basi hata mama anayeleta mutoto mwenye kukohoa aulizwe: papa anatumika wapi? Nguo zake za kazi zinafuliwa wapi? Mawe yanawekwa mu nyumba?

Lakini tuseme ukweli: sisi pia tunaficha. Mufanyakazi wa kampuni anaogopa kwamba akisema kifua, atatolewa kazini. Muchimbaji wa mikono anaogopa kusema ameingia mu shimo lenye kukatazwa. Mama anayeosha mawe anasema «mi niko tu nyumbani». Ndiyo maana mwanafunzi afundishwe kwanza kumwambia mugonjwa kwamba maneno yake yanabaki hapo. Sheria ya nchi inamukataza munganga kutoa siri hiyo. Na akishasema hivyo, aitunze kweli. Siri ikitoka mara moja tu mu Kapata, hakuna atakayesema ukweli tena.

Kuna wengine hawafichi, wanasahau. Kuanzia 2003, watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi ya Gécamines kwa mupango wa départs volontaires, na Kapata yetu ni kambi ya wafanyakazi tangu zamani. Leo wazee wengi wa namna hiyo wanalima ao wanauza. Ukiwauliza kazi, wanajibu kazi ya leo.

Ilikuwa vile kwa jirani yetu. Poso tatu kisha, kikohozi kikamurudisha hospitali. Safari hii ni dada mumoja stajeri aliyemupokea, na munganga mukubwa alikuwa amesimama nyuma yake. Alivuta kiti, akakaa kando ya papa.

— Papa, unatumikaka kazi gani?

— Mi niko mulimaji. Mahindi na mihogo.

— Na mbele ya kulima?

Papa akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kuhesabu ku vidole: miaka 22 chini ya udongo, 9 kati yake ku mashine ya kutoboa mwamba. Yule dada hakumukata. Akaandika. Akamuomba avue shati, akaangalia namna mbavu zinavyopanda, akagonga upande wa kuume, akagonga wa kushoto, akarudia pahali pamoja mara mbili, akamwangalia mukubwa wake. Mukubwa naye akagonga pale pale. Walimutuma apimwe makohozi na apigwe radio ya kifua. Leo papa yuko mu mwezi wa ine wa dawa za kifua kikuu, na watoto wake wote wamepimwa.

Kwa hiyo, wasomaji wa Kapata, Musonoi, Luilu na kwingine, mbele ya kwenda hospitali muandike ku karatasi: ugonjwa ulianza lini, dawa gani mumeshakunywa, na kazi zote mulizofanya tangu ujana, na miaka yake. Mutu wa nyumbani aende pamoja na mugonjwa, sababu bibi ndiye anajua bwana yake anakohoa saa ngapi usiku. Na kama stajeri hakuuliza kazi, musingojee. Mumwambie wenyewe.