Sadaka ya Wenye Ndege Ndogo na Masharti Yake

Ni nadra kumwona mtoto asiyeinua uso wake juu asikiapo mvumo wa ndege. Mapenzi hayo wengi huyaacha utotoni. Lakini wako watu walioyachukua mpaka ukubwani, wakajifunza urubani, wakanunua ndege ndogo za viti viwili au vinne, au wakaziunda kwa mikono yao wenyewe, wakawa wanaruka kwa kupenda tu wala si kwa mshahara. Leo twataka kueleza jinsi watu hao wanavyokusanyika ili kuwachangia wahitaji, na jinsi mkusanyiko huo upasavyo kutengenezwa. Mafunzo yaliyomo yamfaa kila mwenye kuandaa jambo la kheri, ajapokuwa hajapanda ndege hata siku moja.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wa kiwanja kimoja kidogo huwaalika marubani wa viwanja vingine, na siku iliyowekwa kila mmoja huja na ndege yake. Wenyeji wa mji nao huja na watoto wao kutazama. Hulipa kiingilio, hununua chakula, wengine huchukuliwa angani kwa dakika chache, na mapato ya siku hiyo hupelekwa hospitali, skuli au nyumba ya mayatima.

Desturi hii imeenea zaidi katika nchi ya Marekani, ambayo ina viwanja vidogo vingi mno. Mwaka 1953, katika mji wa Milwaukee, Paul Poberezny na wenzake waliunda chama cha wapenda ndege kiitwacho Experimental Aircraft Association, na mwaka huo huo wakafanya mkutano wao wa kwanza. Tangu mwaka 1970 mkutano mkubwa wa chama hicho hufanyika katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, na ndege zipatazo 10,000 hufika huko na katika viwanja vya jirani kwa juma moja. Lakini mikutano iliyo mingi si mikubwa hivyo. Ni asubuhi ya Jumamosi, ndege ishirini au thelathini zimepangwa juu ya majani, na wanakijiji wanakaanga chapati za maji kuwauzia wageni.

Marubani wa huko wana mzaha wao. Husema kwamba mtu huruka saa nzima kwenda kula mkate wa nyama, na akihesabu petroli aliyoichoma aona kuwa mkate ule umemgharimu dola mia moja. Mzaha huu una maana yake. Petroli ile ingechomwa kwa vyovyote, kwa kuwa mwenye ndege hutafuta kila kisingizio cha kuruka. Mwenye kuandaa mkutano wa sadaka hamwombi rubani aache starehe yake. Amwomba aielekeze starehe ile mahali penye mhitaji.

Lakini asidhani mtu kwamba kwa kuwa nia ni njema basi kazi imekwisha. Mwenye kuandaa jambo hili amebeba amana mbili: roho za watu na mali ya wahitaji. Tena nia njema yenyewe ina hatari yake. Katika jambo la biashara mtu huweza kusema "hapana" bila haya. Katika jambo la sadaka huona haya kukataa. Rubani mchovu huona haya kusema amechoka, na mwandalizi huona haya kumwambia rubani aliyekuja bure kwamba ndege yake haikuridhisha. Kwa sababu hiyo masharti hayana budi kuwekwa mapema, kabla ya siku yenyewe, ili siku hiyo asionekane mtu kuwa amemkataa mwenziwe. Sharti ndilo litakalokuwa limekataa.

Tutazame sheria ya Marekani juu ya ndege zinazochukua abiria kwa ajili ya sadaka. Kwa sheria iliyotoka mwaka 2007, rubani mwenye leseni ya binafsi haruhusiwi kuwachukua abiria hao mpaka awe ameruka saa 500 katika maisha yake. Zamani saa 200 zilitosha. Safari haina budi kuanza na kumalizika katika kiwanja kile kile bila kutua pengine, wala isipite maili 25, yaani kilomita kama 40, kutoka hapo. Hufanywa mchana tu, baina ya kuchomoza na kuchwa kwa jua, na wakati ambapo rubani aweza kuona mbele yake kwa macho. Michezo ya kupindua ndege hairuhusiwi kabisa. Na waandalizi hupeleka barua kwa wakubwa wa serikali wasimamiao ndege, siku 7 kabla kwa uchache, pamoja na vyeti vya marubani. Mtu aweza kuuliza, je, huku si kuitilia sadaka vikwazo? Hata. Wema wa nia hauongezi nguvu ya injini, na mtoto aliyeketi kiti cha nyuma hana njia ya kumpima rubani wake. Sheria yampimia.

Baada ya idhini huja habari ya kiwanja. Kila rubani aliyealikwa apelekewe karatasi yenye kueleza urefu wa njia ya kurukia, kama ni ya lami au ya majani, nyaya na miti iliyo karibu, namba ya redio itakayotumika, saa za kufika, na mahali pa kuegesha. Kiwanja kidogo mara nyingi hakina mnara wa kuongozea ndege; marubani husikilizana wenyewe kwa redio, kila mmoja akitangaza alipo, na kwa desturi huzunguka kwa upande wa kushoto, futi kama 1,000 juu ya ardhi, kabla ya kutua. Kumi wakifika kwa wakati mmoja na kila mtu akafuata rai yake, hapo ndipo msiba.

Huko Oshkosh utaratibu wake ni wa kustaajabisha. Ndege ndogo hufuata njia ya reli kutoka mji wa Ripon mpaka kijiji cha Fisk, moja nyuma ya nyingine, zikiachana nusu maili. Pale Fisk waongozaji husimama chini na darubini, huzitambua ndege kwa rangi na umbo la mbawa, na rubani akiitwa hajibu kwa maneno bali hutikisa mbawa zake, ili redio isijae kelele. Wageni ni maelfu, na wengi hawajuani, lakini hutua salama kwa kuwa kila mmoja amesoma maagizo kabla ya kuondoka kwake.

Chini nako kuna hatari, pengine kubwa kuliko ya juu. Rafadha, yaani lile panga la mbele linalozunguka, likienda kasi halionekani na jicho. Mtu asiyejua huenda akatembea akaingia ndani yake, na mtoto hukimbilia ndege aipendayo bila kufikiri. Hivyo kamba ivutwe baina ya watu na ndege, na walinzi waliovaa makoti ya rangi kali wasimame penye kamba hiyo mchana kutwa. Injini isiwashwe karibu na watu. Abiria apelekwe na mlinzi mpaka mlangoni, kwa upande wa nyuma wa bawa ikiwa ndege ni ya rafadha ya mbele, na arudishwe vivyo hivyo. Sigara zisivutwe penye ndege wala penye petroli. Gari la zimamoto na watu wa huduma ya kwanza wawepo tangu ndege ya kwanza mpaka ya mwisho.

Sasa twafika kwenye mtihani mkubwa wa siku hiyo. Tuseme watu mia tatu wamekwisha kukusanyika, fedha zimekwisha kulipwa, watoto wamepanga mstari wakingoja zamu zao. Mara wingu linashuka, upepo unageuka. Hapana saa iliyo ngumu kuliko hiyo. Kila uso unamtazama rubani, na moyo wamwambia, "Safari moja tu, usiwavunje watoto hawa." Mwandalizi mwenye akili amekwisha kuitengeneza saa hiyo tangu zamani. Ameweka siku ya pili ya akiba. Ameandika juu ya tiketi kwamba hali ya hewa ikiwa mbaya fedha zitarudishwa. Amemteua mtu mmoja, asiyeruka siku hiyo, mwenye amri ya kusimamisha yote, na neno lake halijadiliwi. Na amewaambia marubani wote asubuhi, mbele ya kila mtu, kwamba atakayesema "leo siruki" hataulizwa sababu. Mtoto akilia kwa kukosa safari, machozi yake yatakauka jioni. Lakini mzazi akimzika mwanawe kwa ajili ya sadaka, hapana fedha iliyokusanywa itakayomfuta machozi yake.

Yako pia mambo ya michezo. Katika baadhi ya mikutano hiyo hufanywa mchezo wa karata: marubani huzunguka viwanja vitano, kila kiwanja huchukua karata moja, na mwenye karata bora hushinda fedha. Nyumba ya Kiislamu haina haja ya kueleza kwa nini mchezo huo haitaufanya. Kamari haiwi halali kwa kupakwa jina la sadaka. Lakini marubani wana mashindano mengine yaliyo bora, yenye kupima ustadi: kutua juu ya mstari uliochorwa, kukisia kabla ya kuondoka dakika za safari na petroli itakayotumika kisha kuona nani amekaribia, au kudondosha kifuko cha unga juu ya alama mahali pasipo na watu. Mshindi apewe kikombe kilichotolewa na mtu asiyeshindana.

Ama ile amana ya pili, nayo ni mali, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme wageni 200 wametoa shilingi 500 kila mmoja. Hizo ni 100,000. Chakula, bima na kodi ya kiwanja zikila 70,000, kilichobaki kwa wahitaji ni 30,000. Mwenye kusimama akatangaza kwamba mayatima wamepata laki moja hakusema kweli. Kwa hiyo gharama zitafutiwe mfadhili mapema: huyu atoe unga, yule atoe bima, ili kinachoingia langoni kifike kizima. Fedha zihesabiwe na watu wawili, risiti ziandikwe, na hesabu ibandikwe hadharani baada ya siku chache. Mtoaji akiiona atatoa tena mwaka ujao.

Wala jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi mwaka 1929, na kiwanja cha Wilson chaitwa kwa jina lake mpaka leo. Klabu ya wapenda ndege ya Afrika Mashariki nayo ina makao hapo. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni AMREF, kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa mbali na hospitali na barabara zilikuwa mbaya. Ndege zile zile ndogo ambazo mwingine huzifanya za starehe, hapa zimebeba wagonjwa mahututi. Basi mwenye kuandaa mkutano katika nchi hizi ajue jambo moja zaidi: kiwanja cha Wilson kiko yapata futi 5,500 juu ya bahari, na jua la mchana huifanya hewa ya mahali palipoinuka kuwa nyepesi zaidi, hata ndege ikahitaji mbio ndefu kabla ya kupaa. Safari za abiria zifanywe asubuhi, na ndege isijazwe.

Vijana wetu watasema, "Sisi hatuna ndege." Ni kweli, lakini katika mkutano wa namna hii, kwa rubani mmoja aliye juu wako watu wengi walio chini: washika kamba, wapika chai, waandika risiti, watoa huduma ya kwanza. Kazi hizo hazitaki leseni. Zataka mtu afikaye kwa saa aliyoahidi na asiyeondoka mahali pake. Na wenye baiskeli au ngalawa waweza kufanya mkutano wao kwa masharti haya haya: idhini kwanza, kamba baina ya watu na hatari, mtu mmoja mwenye amri ya kusema basi, na daftari lililo wazi. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitimiza amana zote mbili.